Mtama Mwitu Pembezoni mwa Shamba: Palizi ya Kuzuia Vinasaba Visihamie Kwenye Magugu

Mkulima anayeuliza kama mbegu iliyobadilishwa vinasaba itachanganyika na mimea ya porini hana budi kutaja kwanza zao lake. Kenya iliruhusu pamba ya Bt, yaani iliyobadilishwa vinasaba ili ijikinge na viwavi, ilimwe kibiashara Desemba 2019. Lakini pamba mwitu ya kaskazini mwa nchi ina kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli) 26, ilhali ya shambani ina 52, hivyo hata zikikutana, chotara wao kwa kawaida huwa tasa. Mahindi asili yake ni Meksiko na hayana jamaa wa porini hapa kwetu. Chavua yake itamfikia jirani aliyepanda mahindi, basi.

Kwenye mtama ndiko kwenye kazi. Chimbuko lake ni Afrika, na mtama mwitu, wenye kromosomu 20 sawa na ule tunaopanda, ungali unaota kando ya mitaro na hata katikati ya mistari. Ingawa mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, upepo hupeperusha chavua ya kutosha kuzaa machotara ambayo nayo hutoa mbegu bila shida. Mtama uliobadilishwa vinasaba (GMO) haujaanza kulimwa kibiashara nchini, na huu ndio wakati wa kuzoea palizi hii, kwa sababu jeni (kinasaba) ya kustahimili dawa ya magugu ikishahamia kwenye gugu, dawa hiyo haitaliua tena.

Chotara likiwa changa hufanana mno na mtama wenyewe. Subiri suke lichomoze: limeachana badala ya kushikamana, na punje zake ndogo zimefunikwa na makumbi meusi. Ling'oe hapo hapo kabla halijatoa chavua, kwani punje zake zikikomaa hupukutika zenyewe na kubaki udongoni. Wengi hutegemea umbali kati ya shamba na shamba. Kwa maoni yangu umbali hausaidii sana hapa, maana gugu lenyewe limo ndani ya shamba lako.

Masuke ya mbegu ya msimu ujao yachaguliwe katikati ya shamba, wala si kwenye mistari ya ukingoni. Magugu yaliyokwisha kufunga punje yachomwe. Usiyatie kwenye mboji wala usiwape ng'ombe, kwa kuwa baadhi ya punje hupita tumboni zikiwa nzima na kurudi shambani pamoja na samadi.