Uchumba wa kwenye simu umegeuka vitisho? Usifute kitu kwanza

Wengi hapa Tanga matusi yakianza tu, wanambloku jamaa, wanafuta mazungumzo yote na laini wanavunja. Baada ya muda anarudi na namba nyingine, picha zinatua kwenye grupu la ukoo, na wewe huna hata meseji moja ya kuonyesha.

1. Ushahidi. Hapa ndipo kazi ilipo, usiwe na haraka. Skrinishoti ionyeshe namba yenyewe, si lile jina la "Roho Yangu" ulilomsevu. Tarehe na saa zionekane. Anaweza kufuta alichokutumia, kwa hiyo azima simu ya pili, rekodi video huku unapandisha mazungumzo taratibu toka mwanzo. Sauti alizokutumia zihifadhi. Akiwa Facebook au Instagram, nakili linki ya akaunti, maana jina hubadilishwa wakati wowote. Vyote jitumie kwenye barua pepe. Ila picha za faragha usiwarushie rafiki zako "waone alivyonifanyia", hapo unamsaidia kusambaza.

2. Mjibu mara moja tu. "Sitaki mawasiliano nawe. Usinitumie ujumbe wala kusambaza picha zangu." Basi. Matusi usirudishe hata ulimi ukiwasha, kituoni yatasomwa ya wote wawili.

3. Jifunge. Badilisha nywila. Kwenye WhatsApp angalia vifaa vilivyounganishwa, toa usivyovijua, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Sasa ripoti akaunti yake, umbloku.

4. Kituoni. Chumbageni au kituo cha karibu, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Beba skrinishoti zilizoprintiwa na simu yenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.

5. Kama ana picha za utupu na una miaka 18 au zaidi, ingia StopNCII.org. Inatengeneza alama ya picha, kama alama ya kidole ya kuitambulisha, ndani ya simu yako, picha yenyewe haiendi popote. Facebook, Instagram na TikTok ni kati ya mitandao inayotumia alama hizo kuizuia.

Maswali ya wanachama

*Nimeshamtumia elfu hamsini ili asiposti picha, sasa anataka laki.*
Usiongeze hata mia, ukilipa tena atarudi tena. Ile meseji ya muamala itunze kama dhahabu: ina jina la aliyesajili namba, tarehe na namba ya kumbukumbu. Hata kama laini si yake, polisi wana pa kuanzia.

*Yeye yuko Muscat, ana laini ya Oman.*
Ripoti hapa hapa, dada, aliyeumizwa yuko Tanga. Sikudanganyi, kumfikia mtu aliye nje ni kazi ndefu. Nguvu nyingi weka kwenye hatua ya 5 na kuripoti akaunti, huko hawajali yuko nchi gani.

*Mimi mwanaume. Dawati hilo si la kina mama?*
Ni la jinsia, kaka, na wewe unayo. Nenda.

*Anasema atamtumia mama picha. Mama ana presha.*
Mtangulie. Mwambie mama mwenyewe, au pitia kwa shangazi mnayeelewana: kuna mtu ananitishia, kikiingia kitu usifungue, nipigie. Picha huna haja ya kuzieleza. Mama akishajua, jamaa amebaki na nini cha kukuuzia?

*Naruhusiwa kwenda kituoni na dada yangu?*
Nenda naye. Wewe ukichanganyikiwa, yeye ndiye atakayekumbuka kuulizia RB.