Ukimaliza kidato cha nne, wapitie waliokusogeza

Mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa Novemba, na siku ya keki na maua shukrani nyingi huishia kwa mgeni rasmi. Wewe tenga siku yako baada ya mtihani. Kama ni shangazi aliyekulipia nauli na michango kwa kuuza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mfuate mchana biashara ikishapoa. Alfajiri hana muda na wewe. Usimruke mpishi wa shule. Kwa mwalimu wa darasa, omba namba ya simu uiandike kwenye daftari (simu hupotea), maana huenda ukamweka mdhamini ukiomba kazi. Zawadi? Kilo ya sukari inatosha. Matokeo ya Januari wapelekee mwenyewe, hata yakiwa ya kawaida.