Namna ya kusoma neno "notwithstanding" katika mkataba

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge anayewekewa mezani mkataba wa Kiingereza asitie saini kabla hajalitafuta neno "notwithstanding", kwa kuwa neno hilo moja laweza kuiondolea nguvu ahadi aliyoisoma ukurasa uliotangulia. Maana yake kisheria ni "bila kujali": vifungu viwili vinapogongana, kifungu kinachoanza na neno hilo hushinda, na kile kinachotajwa baada yake hushindwa.

Tuseme kifungu cha 6 kinaeleza kuwa mnunuzi atanunua tumbaku yote itakayofikishwa sokoni na chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, kisha kifungu cha 11 kinaanza kwa kusema kwamba, bila kujali kifungu cha 6, mnunuzi hatalazimika kununua tumbaku iliyozidi makisio ya mavuno. Aliyekisoma cha 6 peke yake atalima akiamini kuwa kila kilo ina soko, ilhali aliyevisoma vyote viwili anajua kuwa ziada ni mzigo wake mwenyewe. Kwa hiyo kila unapolikuta neno hilo, tazama nambari inayolifuata, rudi ukakisome kifungu hicho, kisha uandike pembeni ni nini kilichosalia ndani yake.

Usilichanganye na "subject to", yaani "kwa kuzingatia masharti ya", ambalo hufanya kazi kinyume: hapo kifungu chenye maneno hayo ndicho kinachotii kingine. Mfasiri akiyabadilisha mawili haya, haki huhamia upande wa pili, na sidhani kama kuna kosa la tafsiri ya mkataba lililo baya zaidi.

La kuogopwa hasa ni lile lisilo na nambari, linalosema "bila kujali jambo lolote lililomo katika mkataba huu", kwa sababu hilo huvishinda vifungu vyote vingine. Omba litajiwe kifungu mahususi kabla ya kusaini. Hata Kanada, ambako kifungu cha 33 cha Hati ya Haki ya mwaka 1982 huruhusu bunge kutunga sheria bila kujali baadhi ya haki, bunge hutakiwa kutamka hivyo waziwazi, na tamko hilo hukoma baada ya miaka 5 lisipotolewa upya.

Ukiandika mkataba wako kwa Kiswahili, andika "Bila kujali masharti ya kifungu cha 6", wala usiyatumie maneno hayo katika vifungu viwili vinavyopingana, maana hapo mshindi atatafutwa mahakamani.