SOMO: Namna ya kuandika mpango wa afya ya uzazi wa zahanati ya kijiji, kuanzia kwenye daftari mpaka kwenye bajeti

Habari zenu wapendwa. Wajumbe wapya wa kamati za zahanati wamekuwa wakiniuliza huu mpango wa kituo unaandikwaje hasa upande wa uzazi wa mpango na kliniki ya wajawazito, basi leo naweka somo lote, chukua kalamu. Mimi ni nesi mkunga, nimekuwa mfawidhi, yaani msimamizi, wa zahanati ya kijiji huku Tanzania bara, mipango nimeandika mingi, mingine ikapita mingine ikarudishwa.

Kabla ya hatua yoyote niwaambie kisa kimoja. Kuna mama alikuja anataka kijiti kitolewe (kile cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono), miaka 3 imeisha na anataka kubeba mimba. Vijiti vya kuweka tulikuwa navyo stoo tele, ila dawa ya ganzi imeisha, bleidi hakuna, na mwenzangu aliyefundishwa kutoa yuko likizo. Nikamwambia rudi Jumatatu. Akarudi Jumatatu, bado hakuna. Mara ya tatu alikuja mkono umefungwa kwa kipande cha kanga, jirani alikuwa amejaribu kumtolea kwa wembe. Nikafungua ile kanga, kidonda kinatoa usaha na kijiti bado kimo ndani. Sisi tulipanga kuweka, kutoa hatukupanga. Tangu siku ile mpango wangu naanzia kwa wale waliorudi nyumbani bila huduma.

Hatua ya 1: Jua kalenda
Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini zahanati inatakiwa iandike mpango wake miezi mingi kabla, kwenye Oktoba mpaka Desemba hivi, alafu timu ya afya ya halmashauri inaunganisha mipango ya vituo vyote kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, unapita mkoani, unaenda TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa) na Wizara ya Afya. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili. Ukienda kwa DMO, mganga mkuu wa wilaya, mwezi wa tano na ombi lako umeshachelewa, utaambiwa subiri mwakani na hatakuwa amekuonea.

Hatua ya 2: Fungua vitabu vya MTUHA
MTUHA ni mfumo wa taarifa za huduma za afya, vitabu vyake ndo tunaandikia kila mteja. Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Kitabu namba 8 ni cha uzazi wa mpango, namba 6 wajawazito, namba 12 leba, namba 13 mama baada ya kujifungua. Usichukue tu ile jumla iliyoko kwenye ripoti ya mwezi, shuka mstari kwa mstari. Hesabu waliokuja wapya, hesabu wa marudio, alafu tafuta walioanza sindano wakaja mara moja tu hawakuonekana tena, maana sindano ni ya miezi 3 na aliyepotea miezi 6 ama kahamia njia nyingine, ama kaudhiwa na hedhi isiyoeleweka na hakuna aliyemweleza mapema, ama alikuja akakuta imeisha.

Sasa fanya hesabu ambayo wengi hawafanyi. Chukua mwaka unaoupangia, rudi nyuma miaka 3, hesabu wote waliowekewa mwaka huo kile cha kijiti kimoja, kinachokaa miaka 3, alafu rudi miaka 5 uhesabu wale wa vijiti viwili, vinavyokaa miaka 5. Hao ndo watakuja kutolewa mwaka unaoupangia. Wakiwa 60 basi unahitaji ganzi ya watu 60, bleidi 60, glovu, koleo ndogo ya kushikia kijiti, na mtu wa pili anayejua kutoa ili mmoja akienda likizo kazi isisimame.

Aliyekosa huduma kabisa MTUHA haimuoni. Mimi niliweka daftari la kawaida la kurasa 48 mezani pale dirisha la dawa, kila anayeondoka bila alichokijia tunaandika tarehe, kitongoji na alikosa nini, jina hatuandiki. Kwa miezi 3 tu lile daftari lilinifundisha kuliko semina.

Hatua ya 3: Hesabu ambao hawaji
Chukua idadi ya watu wa kijiji kwa mtendaji, ile iliyotokana na sensa ya 2022. Wanawake wa miaka 15 mpaka 49 ni karibu robo ya watu wote, kwa hiyo kijiji cha watu 4,000 wapo kama 1,000. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha wanawake 31 kati ya 100 walio kwenye ndoa wanatumia njia ya kisasa, na wasichana 22 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 walishazaa au wana mimba. Linganisha na kitabu chako namba 8. Kama una wateja 90 kijiji kizima jiulize waliobaki wako wapi, wengine wanaenda duka la dawa kweli, lakini wengine wako kitongoji cha ng'ambo ya mto na masika mto haupitiki. Tembea na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wao wanajua nyumba kwa nyumba.

Hatua ya 4: Kaa na kamati
Mfawidhi ni katibu tu, mpango ni wa kamati. Hakikisheni akina mama wanaongea kweli, wasiwe wa kujaza viti, na msipange kikao siku ya gulio. Kwetu mama mmoja alisema kitu ambacho sijawahi kukifikiria, kwamba mlango wa chumba cha uzazi wa mpango unatazamana na benchi la wagonjwa wa nje, ukiingia mle kijiji kizima kinajua. Tulihamisha benchi na kununua pazia. Miezi iliyofuata wateja wapya waliongezeka na wengi walikuwa mabinti.

Hatua ya 5: Amua nani atatoa nini
Zahanati sio lazima ifanye kila kitu. Sindano, vidonge, kondomu, vijiti na kitanzi ni vyenu kama mna mtu aliyefundishwa. Kufunga kizazi mnaomba timu ya huduma ya mkoba (wahudumu wanaowafuata watu huko waliko) ije kwa tarehe inayojulikana, na tarehe iandikwe kwenye mpango na mafuta ya gari yajulikane nani analipa. Na kama eneo lenu kituo kilichopo ni cha dini, halmashauri inaweza kuingia nacho mkataba wa huduma ili wajawazito na watoto chini ya miaka 5 wahudumiwe bila kulipa, halmashauri inafidia. Mkataba huo usomeni kipengele kwa kipengele. Vituo vya Kanisa Katoliki vinafundisha njia za asili tu, ni imani yao na tunaiheshimu, lakini maana yake sindano na vijiti lazima mpange vitatoka wapi, vinginevyo kata nzima inabaki bila.

Hatua ya 6: Weka hela
Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya (ule wanaochangia wafadhili) zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, kwa hiyo usiandike kama unaomba zawadi, andika kila kitu na bei yake. Njia zenyewe za uzazi wa mpango ni bure kwa mteja kituo cha serikali, kwa hiyo usizihesabie mapato. Hela yako iende kwenye vile vitu vidogo vinavyokwamisha: ganzi, bleidi, mafuta ya taa au gesi ya kuchemshia vifaa, mafuta ya pikipiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo nesi, mimi ni mjumbe mpya, MSD (Bohari ya Dawa) wakisema hawana tunafanyaje, tunakaa tu?
Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana msikae. Mkipata uthibitisho kwamba MSD hawana mnaenda kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuuzia vituo vya mkoa, ganzi na glovu zinapatikana huko. Kwa vijiti na sindano piga simu kwa mratibu wa afya ya uzazi wa wilaya, mara nyingi kituo cha jirani kinavyo vingi vinakaribia kuisha muda, mnahamishiana kwa maandishi.

Swali: Binti hajaolewa, hajazaa, ana miaka 17, tumhudumie au tumrudishe aje na mzazi? Wazee wa kijiji wanasema tunafundisha umalaya.
Jibu: Mwongozo wa taifa wa uzazi wa mpango unasema huduma ni kwa wote walio kwenye umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, bila kujali ndoa wala idadi ya watoto. Kupima VVU pia sheria ilirekebishwa 2019, kuanzia miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Wazee wasikilizeni, msiwabeze, mimi niliwaletea hesabu ya leba ya mwaka mzima bila majina, waliozalia kwetu wakiwa chini ya miaka 18. Mzee mmoja alikaa kimya muda mrefu, alafu akauliza hao watoto waliozaa wako darasa la ngapi.

Swali: Mkuu, mpango wetu ulikatwa nusu huko halmashauri, na cha kwanza kukatwa ni mkoba.
Jibu: Pole kaka. Mkoba unakatwa kwa sababu wengi wanauandika mstari mmoja tu "huduma ya mkoba" na hela. Andika kitongoji, umbali, wanawake wangapi, chanjo za watoto wangapi zitatolewa safari hiyo hiyo. Ukiunganisha na chanjo ni vigumu mtu kuufuta.

Swali: Yule mama wa kijiti alipona?
Jibu: Alipona. Tulimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki siku ile ile, wakakitoa. Kovu analo. Mwaka uliofuata alijifungulia kwetu mtoto wa kike, na jina lake nililiandika mwenyewe kwenye kitabu namba 12.