Arduino ikigoma kwenye Linux, usikimbilie chmod

Wale mnaochezea Arduino au ESP32 (vile vibodi vidogo vya kuprogramu) kwenye Ubuntu, ukichomeka waya halafu ikakuletea Permission denied kwenye /dev/ttyUSB0 (faili ambalo Linux inalitumia kuongea na kibodi chako), tulia, kifaa hakijafa. Piga ls -l /dev/ttyUSB0 utaona crw-rw---- root dialout, yaani wenye ruhusa ni root na watu wa kundi la dialout tu, na we humo haumo. Wengi wanakimbilia sudo chmod 666, amri ya kumpa kila mtu ruhusa ya kusoma na kuandika faili, inakubali kweli, ila ukichomoa waya ukachomeka tena mambo yamerudi kulekule, kwa sababu hilo faili linatengenezwa upya kila kifaa kikiingia, na udev (programu ya Linux inayosimamia vifaa) inalirudishia ruhusa za mwanzo (mi nilihangaika wiki nzima, kila asubuhi chmod!).

Dawa ni hii, unajiingiza kwenye kundi la dialout:

sudo usermod -aG dialout $USER

Na hiyo a usiisahau aisee, ukiiacha unatolewa kwenye makundi yako mengine ya ziada, la sudo likiwemo, hapo ndo utajua hujui. Kisha logauti uingie tena, kufunga terminali peke yake haitoshi, ikigoma bado zima uwashe. Kwenye Arch (aina nyingine ya Linux) kundi linaitwa uucp.