Mashine ya mkono ya kuchanganyia nyama: ifunge mezani kabla ya kuiwazia mota

Mfugaji anayetengeneza soseji nyumbani akishapata mashine ya kusagia na ya kujazia, kinachobaki kumtoa jasho ni kazi ya katikati yake, kuchanganya. Kilo 2 unazikanda kwenye sufuria huku ukipiga soga. Zikifika 8, vidole vinakufa ganzi kwa baridi. Ukivionea huruma, unaiacha nyama ipoteze ubaridi wake kidogo, na soseji inaharibikia hapo.

Ndiyo maana watu wananunua ile mashine ya beseni la chuma lenye miguu minne, hendeli pembeni, na ndani shafti yenye mikono bapa kama makasia. Ni mashine rahisi, haina ufundi mwingi. Wengi wanaoilalamikia huwa wameijaza vibaya, au wameiweka juu ya meza inayoteleza.

Kuchanganya nyama ya soseji ni zaidi ya kusambaza viungo. Chumvi hutoa protini kwenye nyuzi za nyama, na kadiri unavyokoroga, protini hiyo inakuwa gundi inayoshika maji na mafuta pamoja. Soseji ikipikwa, gundi inaganda na kuwa kitu kimoja kinachokatika vizuri kwa kisu. Gundi isipotoka, mafuta yanakimbilia kwenye kikaango na unachobaki nacho ni chicha. Mafuta yakipata joto kabla ya gundi kutoka, yanalainika, yanajipaka kwenye nyuzi na kuzizuia zisishikane. Niliwahi kuchanganya kilo 7 saa saba mchana, nyama ikiwa imetoka buchani asubuhi ileile, nikidhani kasi ya mkono itafidia. Soseji zilipendeza kwa macho. Kwenye kikaango zilitoa mafuta hadi zikawa zinaogelea, na mbwa wa jirani ndiye aliyefaidi.

Kwa hiyo anza na baridi. Nyama ilale kwenye friji hadi iwe chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, na ukimaliza kuchanganya isizidi 12. Kabla ya kusaga, kata vipande uviweke kwenye friza dakika 30 hadi 45, kingo zianze kukakamaa. Beseni na makasia viingie friza pia kama vinaenea. Visipoenea, gandisha chupa 3 za maji, zilaze ndani ya beseni dakika 20, uzitoe, ukaushe kwa kitambaa safi, ndipo umimine nyama. Kwenye nyumba isiyo na umeme, fanya kazi hii alfajiri, nunua barafu ya kutosha, na uchanganye kidogokidogo. Barafu ya kupozea chombo inaweza kuwa ya mtaani. Ile inayoingia kwenye nyama lazima iwe ya maji uliyochemsha mwenyewe.

Ujazo nao unawaponza wengi. Mashine iliyoandikwa paundi 20 inabeba kilo 9 na ushee kwa maneno ya muuzaji. Ukiijaza hivyo nyama inapanda juu ya makasia, inazunguka kama bonge moja, na viungo vinabaki pembeni. Kilo 6 hadi 7 ndicho kipimo chake cha kweli. Chini ya nusu ya beseni nako hakufai, makasia yatakuwa yanakwangua hewa. Mwenye kilo 3 akande tu kwa mikono.

Kipimo cha kuanzia, kwa nyama ya ng'ombe au ya nguruwe: kilo 5 za nyama isiyo na mafuta, kilo 1.5 za mafuta magumu, gramu 117 za chumvi, gramu 15 za pilipili manga iliyosagwa, kitunguu saumu kwa kupenda kwako, na gramu 500 za maji ya barafu. Chumvi hiyo ni gramu 18 kwa kila kilo, na watu huwa kati ya 15 na 20. Ipime kwa mizani. Kijiko cha chumvi laini na kijiko cha chumvi ya mawe ni vitu viwili tofauti kabisa.

Changanya chumvi na viungo vikavu kwenye bakuli kwanza, ndipo uvinyunyize juu ya nyama, usivimwage mahali pamoja. Zungusha hendeli mara 20 mbele, mara 20 nyuma, ukiongeza maji ya barafu taratibu. Katikati ya kazi simamisha mashine, upitishe mwiko chini na kwenye pembe, kwa sababu makasia hayafiki kila mahali. Ndani ya dakika 3 au 4 utaona nyama imebadilika: inavutika, inaacha nyuzinyuzi kwenye kuta, na hendeli imekuwa nzito. Chukua bonge dogo, libandike kiganjani, geuza kiganja chini. Likining'inia bila kudondoka, acha. Ukiendelea baada ya hapo unaongeza joto tu, na soseji itakuwa ngumu kama mpira. Kaanga kidonge kimoja uonje kabla ya kujaza, maana chumvi ikishaingia kwenye utumbo huirekebishi tena.

Sasa marekebisho. La kwanza ni kuifunga mashine, na kama utafanya moja tu, liwe hili. Hendeli iko upande mmoja tu wa beseni, kwa hiyo kila unaposukuma, mashine inataka kuinuka upande wa pili. Mtu anajikuta ameishika kwa mkono wa kushoto, anazungusha kwa kulia, na hana mkono wa kumwagia maji. Tafuta ubao mzito wa inchi 2, mrefu kuliko miguu ya mashine kwa shibiri moja kila upande, utoboe, ufunge miguu kwa bolti na washa. Ubao nao ubanwe mezani kwa klampu mbili. Upake ubao rangi au vanishi ili usinywe maji ya nyama.

Ukitaka kwenda mbele kidogo, tumia mbao mbili, moja juu ya nyingine, uziunge kwa bawaba upande ulio mbali na hendeli. Ukimaliza kuchanganya, unainua ubao wa juu na mashine inainama kumimina nyama kwenye sinia. Mashine nyingi za bei nafuu hazina namna ya kuinamisha beseni, na kuchota kilo 7 za nyama inayonata kwa mikono kunarudisha joto lote ulilohangaika kulizuia. Weka komeo la kushikilia mbao hizo zisifunguke wakati wa kukoroga.

Hendeli fupi ni shida ya pili. Ya sentimita 15 ukiifanya 22, nguvu unayotumia inapungua kwa karibu theluthi. Fundi wa kuchomelea ataiongeza kwa nusu saa, lakini pima kwanza: hendeli ndefu itagonga meza isipokuwa mashine ikae ukingoni, hendeli ikiwa nje. Nimeona mtu akirefusha hendeli yake akaenda nyumbani na mashine isiyoweza kumaliza mzunguko.

Bushi ambamo shafti inapita huliwa mapema. Ukiona majimaji ya nyama yanavuja pembeni, au makasia yanakwaruza ukuta mmoja na kuacha nafasi upande wa pili, bushi imekwisha. Fundi wa kukereza atakutengenezea nyingine, na plastiki nyeupe nene ya ubao wa kukatia nyama inafaa. Usikubali kipande cha plastiki kisichojulikana kilikotoka, wala shaba. Kwa Tanzania, karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, zilizoko mikoani ni mahali pazuri pa kuulizia kazi ya namna hii. Bolti inayoshika makasia nayo ibadilishe, weka yenye nati ya masikio, ya chuma cha pua, ili uweze kufungua bila spana. Zihesabu sehemu zote kabla na baada ya kazi. Nati iliyopotea ndani ya kilo 7 za nyama ni hasara ya kilo 7.

Chochote kinachogusa nyama kiwe chuma cha pua. Kikichomelewa kwa fimbo ya kawaida, pale penye mshono patashika kutu ndani ya wiki chache, kwa hiyo mwambie fundi atumie fimbo ya chuma cha pua, kisha asage mshono hadi uwe laini. Bati la mabati silo, kwa kuwa siki na ndimu hula zinki yake.

Mota? Kila mwenye mashine hii anaiuliza. Mota ya kawaida ya umeme inazunguka karibu mara 1,400 kwa dakika, na makasia haya yanataka 30 hadi 60. Bila giaboksi unajitafutia pini iliyokatika, nyama iliyopata joto, au kidole. Drili nayo si jibu: inaungua kwa kulazimishwa kwenda polepole, na mkono mmoja unabaki huru kuingia kwenye beseni. Anayechoka kweli afunge gia za baiskeli, yenye meno 18 kwenye hendeli na yenye meno 44 kwenye shafti, azungushe mara mbili na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa makasia. Mnyororo ufunikwe kabisa, usidondoshe grisi. Binafsi naona hendeli ndefu inatosha kwa yeyote asiyezidi kilo 20 kwa siku.

Usafi ufanyike papo hapo. Suuza kwanza kwa maji ya baridi, maana ya moto huipika protini na kuigandisha kwenye chuma. Kisha maji ya moto na sabuni, kwa brashi ya nailoni, si steelwaya. Mwisho dawa ya klorini: ile ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, dakika chache, kisha suuza na ukaushe. Ikilala na klorini, hata chuma cha pua kinatoboka. Bushi zipake mafuta meupe ya parafini yanayouzwa duka la dawa. Wasomaji wa Kenya wanielewe, sisemi mafuta ya taa.

Nyama iwe na muhuri wa mkaguzi, hasa ya nguruwe, kwa ajili ya tegu, na soseji ipikwe hadi katikati ifike nyuzi 71. Soseji za kukaushwa kwa moshi na kuliwa bila kupikwa, na zile za kuwekwa chumvi ya naitraiti ni somo lingine, usizijaribu kwa kukisia. Anayetaka kuuza aanzie kwa afisa mifugo wa kata, atamwelekeza Bodi ya Nyama na TBS, shirika la viwango.

Na kama kwako kuna kitimoto na ng'ombe, nunua mashine mbili, kila moja na ubao wake na rangi yake. Mteja Mwislamu hatakuuliza kama uliiosha vizuri. Atauliza ilipitisha nini jana.