Kiazi, vijiti sita na isoma za kobalti

Kabla sijagusa ubao, kidato cha sita wangu huleta kiazi cha mviringo, vijiti sita vya meno, vipande vinne vya karoti na viwili vya bamia.

Kiazi ni ioni ya kobalti yenye chaji 3+. Choma vijiti juu, chini, mbele, nyuma, kushoto na kulia. Pima kwa kona ya daftari: kila kijiti kiwe nyuzi 90 na jirani yake. Hilo ndilo umbo la oktahedra. Kila kijiti ni jozi ya elektroni, na zote mbili zimetoka kwa ligandi, yaani molekuli au ioni iliyoshikana na kobalti. Kobalti haikuchangia hata moja. Hapa ndipo wengi huteleza kwenye mtihani.

Chomeka karoti nne, ndizo amonia. Bamia ni kloraidi. Bamia zikikaa jirani, umepata cis, na chumvi yake ni zambarau. Zikitazamana kutoka ncha hadi ncha, ni trans, ya kijani. Viungo vilevile, mpangilio tofauti, rangi mbili: hizo ndizo isoma! Mimi bado husisimka.

Sasa hamisha bamia utakavyo, kisha zungusha kiazi taratibu. Huipati isoma ya tatu. Alfred Werner, kule Zürich, alifikiri hivyohivyo: kama ligandi sita zingekaa kwenye heksagoni bapa, zingetoa isoma tatu, lakini zilizopatikana ni mbili tu. Alipewa Nobel mwaka 1913.

Ukimaliza, ongeza bamia ya tatu mahali pa karoti moja, uhesabu upya. Zitakuwa mbili tena: fac, bamia zote zikishika uso mmoja wa pembetatu wa oktahedra, na mer, zikizunguka kiuno cha kiazi.